Seva kuingia yenyewe kwenye hifadhi ya mtandao kila inapowaka: tuliyojifunza baada ya umeme kukatika usiku

Mwanzisha uzi, Jinja

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninasimamia kompyuta za shule moja ya sekondari ya bweni hapa upande wa Jinja. Kwa muhula mzima niliamini kwamba kazi ya kuiunganisha seva yetu na hifadhi ya mtandao imekwisha, kumbe ilikuwa imekwisha kwa zile siku ambazo umeme haukatiki. Nitaeleza yaliyotokea, kisha nitaweka mipangilio ninayoitumia sasa, na wenye uzoefu wanikosoe palipo na kosa. Najua zipo shule, zahanati na vyama vya akiba na mikopo ambavyo hali yao ni kama yetu: seva moja, kisanduku kimoja cha diski, swichi moja, na UPS ambayo betri yake hudumu dakika chache tu.

Seva yetu inatumia Ubuntu 24.04, na diski yake ya ndani ni ndogo, imebeba mfumo endeshi peke yake. Mambo yote ya maana, yaani malipo ya ada, alama za wanafunzi na picha za risiti, yanakaa kwenye kisanduku cha diski nne kilichomo katika kabati hilohilo, na seva inakifikia kwa iSCSI. Kwa asiyeijua, iSCSI ni itifaki inayopitisha amri za diski juu ya mtandao wa kawaida wa TCP/IP. Iliwekwa rasmi mwaka 2004 katika RFC 3720, na mwaka 2014 maelezo yake yakakusanywa upya katika RFC 7143. Seva ikishaingia kwenye kisanduku, inaiona diski iliyoko kule kana kwamba imefungwa ndani ya kasha lake yenyewe, kwa jina kama /dev/sdb. Kabla ya kuingia, haioni chochote.

Usiku mmoja umeme ulikatika saa nne, UPS ikaishiwa, na umeme ukarudi saa tisa. Seva iliwaka kwa muda usiofika dakika moja. Kisanduku cha diski, kwa kuwa kilizimika ghafla, kilianza kuzikagua diski zake, na kikawa tayari baada ya dakika sita hivi. Katika muda huo seva ilikuwa imebisha hodi, haikuitikiwa, ikaacha. Kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa, yaani kuunganishwa na folda, seva inapowaka, nilikuwa nimeandika nofail ili seva isikwame, na kweli haikukwama: iliwaka hadi mwisho, na folda ya /srv/hazina, ambako diski ya kisanduku hupachikwa, ilikuwepo, ila ilikuwa tupu.

Hifadhidata ya PostgreSQL haikukuta mafaili yake ikakataa kuanza, na huo ulikuwa uungwana mkubwa kwa upande wake. Programu inayopokea picha za risiti haikuwa na tahadhari hiyo. Iliikuta folda tupu, ikaunda folda ndogo za mwezi na za siku, na tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri ikahifadhi risiti kwenye diski ndogo ya ndani. Nilipoitwa, niliingia kwenye kisanduku kwa mkono na kuipachika diski, na papo hapo risiti zote za asubuhi zikatoweka mbele ya macho ya mhasibu. Zilikuwa hazijafutika. Diski ikipachikwa juu ya folda, vilivyokuwamo ndani ya folda hiyo hufunikwa. Nilizipata kwa njia hii:

sudo mount --bind / /mnt
ls /mnt/srv/hazina

Amri ya kwanza huuonyesha mzizi wa diski ya ndani mahali pengine bila vile vilivyopachikwa juu yake, na hapo vilivyofunikwa huonekana. Risiti zote zilipatikana, lakini mhasibu alikaa saa tatu akiamini kwamba zimepotea, wakati wazazi wamepanga foleni nje ya ofisi yake. Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza tu kama seva inaingia yenyewe. Ninauliza pia programu zitafanya nini siku ambayo haikufaulu kuingia.

Sasa mipangilio. Kwanza seva inauliza kisanduku kina nini:

sudo iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 192.168.10.20

Jibu huja na jina la tageti, yaani kile kinachotolewa na kisanduku, lenye umbo kama iqn.2021-06.ug.sc.mfano:hazina. Mwaka na mwezi ni wakati ambao mwenye jina alikuwa anaimiliki anwani hiyo ya intaneti, na anwani yenyewe huandikwa kinyumenyume. Ndiyo maana shule yenye anwani inayoishia na sc.ug huanza na ug.sc. Poti ya kawaida ni 3260.

Baada ya hapo, rekodi ya tageti hiyo inaambiwa ianze yenyewe:

sudo iscsiadm -m node -T iqn.2021-06.ug.sc.mfano:hazina -p 192.168.10.20 --op update -n node.startup -v automatic

Hapa nilipoteza siku mbili, nawaomba mpasome taratibu. Maelekezo mengi husema ufungue /etc/iscsi/iscsid.conf na kubadili node.startup kutoka manual kuwa automatic. Si uongo, ila faili hilo ni kiolezo tu: linasomwa wakati rekodi mpya inapoundwa. Tageti uliyokwisha kuigundua ina rekodi yake chini ya /etc/iscsi/nodes, nayo hubaki na thamani ya zamani hata ukilibadilisha iscsid.conf mara kumi. Ama utumie amri niliyoiandika hapo juu, ama uifute rekodi na kugundua upya. Ukitaka kujua rekodi yako inasema nini kwa hakika, iulize yenyewe:

sudo iscsiadm -m node -T iqn.2021-06.ug.sc.mfano:hazina -p 192.168.10.20 | grep startup

Kwenye /etc/fstab nimeandika mstari huu, kwa kutumia UUID, yaani kitambulisho cha kudumu cha diski kinachotolewa na blkid, kwa sababu majina kama /dev/sdb hubadilika kulingana na diski iliyotangulia kuonekana:

UUID=andika-yako-hapa /srv/hazina ext4 _netdev,nofail,noatime 0 2

Neno _netdev linaufahamisha mfumo kwamba diski hii inategemea mtandao, hivyo isipachikwe kabla mtandao haujawa tayari, na wakati wa kuzima iondolewe kabla mtandao haujafungwa. Bila neno hilo seva yetu ilikuwa inaning'inia kila tulipoizima, ikisubiri kuandika kwenye diski ambayo njia yake imekwisha kukatwa.

Kwa tatizo la kisanduku kuchelewa, nimeongeza subira ya seva. Kwa kawaida hujaribu mara 8, kila jaribio likiruhusiwa sekunde 15, jumla sekunde 120. Nimeifanya node.session.initial_login_retry_max kuwa 40, yaani dakika kumi. Sijaona athari yake bado, kwa sababu umeme haujakatika tena kwa muda mrefu kiasi kile. Je, ni njia sahihi?

Mchangiaji, Gulu

Mwalimu, ahsante kwa maelezo yaliyokamilika. Mengi umeyaweka vizuri, lakini hilo la mwisho nakuomba ulirudishe lilivyokuwa, na nitakueleza kwa nini.

Katika Ubuntu, huduma ya open-iscsi imepangwa itangulie kundi zima la diski za mtandao, ambalo systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo, huliita remote-fs.target. Huduma inayowaruhusu watumiaji wa kawaida kuingia kwenye mashine, systemd-user-sessions, nayo imepangwa isubiri kundi hilo likamilike. Maana yake ni kwamba ukiiambia iSCSI ivumilie dakika kumi, siku ambayo kisanduku kimeharibika kabisa utakaa dakika kumi ukijaribu kuingia kwa SSH, yaani kutoka mbali kupitia mtandao, na kuambiwa kwamba mfumo bado unawaka. Mimi lilinikuta nikiwa mbali na mashine, simu zinaingia moja baada ya nyingine, na sina hata uwezo wa kusoma kumbukumbu za mfumo ili nijue tatizo ni nini.

Njia ninayoitumia ni kuiacha subira ya mwanzo kama ilivyo, sekunde 120, kisha kuweka kipima muda kinachojaribu tena kila dakika mbili hadi diski ipachikwe. Faili la kwanza ni /etc/systemd/system/hazina.service:

[Unit]
Description=Jaribu tena kuingia kwenye hazina
ConditionPathIsMountPoint=!/srv/hazina
After=open-iscsi.service

[Service]
Type=oneshot
ExecStart=-/usr/sbin/iscsiadm -m node --loginall=automatic
ExecStart=/usr/bin/systemctl start postgresql@16-main.service risiti.service

Faili la pili ni /etc/systemd/system/hazina.timer:

[Unit]
Description=Kipima muda cha hazina

[Timer]
OnCalendar=*:0/2

[Install]
WantedBy=timers.target

Kisha endesha systemctl daemon-reload na systemctl enable --now hazina.timer. Mstari wa Condition unasema kazi hii isifanyike ikiwa /srv/hazina imekwisha kupachikwa, kwa hiyo siku za kawaida kipima muda kinapita bila kufanya lolote. Kistari kilichotangulia /usr/sbin/iscsiadm kinasema kosa la amri hiyo lisiisimamishe kazi yote, kwa sababu iscsiadm ikikuta kikao tayari kipo hurudisha namba 15, na hilo si tatizo.

Utaona sijaandika amri ya kupachika popote. Hilo linafanywa na kitu ambacho ningekisisitiza kuliko vyote: kila programu inayotumia diski ile iambiwe kwamba haina ruhusa ya kuanza bila hiyo. Endesha systemctl edit risiti.service na uandike:

[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/hazina

Kuanzia hapo, programu ya risiti ikiitwa, systemd hujaribu kwanza kupachika diski. Ikishindikana, programu haianzi. Yaliyomkuta mhasibu wako yasingetokea. Fanya hivyohivyo kwa PostgreSQL, ila uwe mwangalifu: katika Ubuntu huduma iitwayo postgresql bila nyongeza ni kifuniko tu. Inayofanya kazi hasa ni postgresql@16-main, au namba ya toleo lako. Sharti lazima uliweke kwenye postgresql@.service, la sivyo umekifunga kifuniko na kukiacha chungu wazi.

Mwanzisha uzi, Jinja

Ndugu wa Gulu, nimekuelewa na ninakushukuru sana. Hilo la watumiaji kuzuiwa kuingia sikulijua kabisa, na ningeligundua siku mbaya. Nimerudisha 8 katika iscsid.conf na katika rekodi yenyewe, nikikumbuka kosa langu la kwanza.

Nimeongeza pia kinga moja juu ya RequiresMountsFor, kwa ajili ya programu ambazo haziendeshwi na systemd, kwa mfano mtu anayenakili mafaili kwa mkono au hati iliyosahaulika kwenye cron. Nikiwa nimeiondoa diski, folda ikiwa tupu, nilitoa amri hii:

sudo chattr +i /srv/hazina

Folda ya diski ya ndani sasa haikubali kuandikwa chochote, hata na root. Diski ikipachikwa juu yake, kinachoonekana ni mzizi wa diski ya mtandao, ambao hauna kizuizi hicho, na kazi inaendelea kama kawaida. Nimejaribu kuunda faili diski ikiwa haipo, nikakataliwa mara moja. Ni mstari mmoja tu, lakini ungetuokoa siku ile.

Mchangiaji, Mbarara

Habari zenu. Mimi natunza mashine za chama cha akiba na mikopo. Ningependa kuongeza jambo kuhusu ile hatua ya ugunduzi, kwa sababu Mwalimu ameipita haraka na ndiyo iliyotutesa sisi.

Kisanduku chetu kina kadi mbili za mtandao na kimewashiwa IPv6. Tulipoendesha discovery kwa anwani moja, kilitujibu kwa anwani zake zote: ile tuliyoiuliza, ile ya kadi ya pili ambayo haijachomekwa waya, na ya IPv6. Kila anwani ikaandikiwa rekodi yake, na kwa kuwa tulikuwa tumeshaweka automatic kwenye iscsid.conf, rekodi zote tatu zikawa za kuingia zenyewe. Matokeo yake, kila seva ilipowaka iliingia mara moja kwa anwani nzuri, kisha ikakaa dakika mbili nzima ikizihangaikia zile mbili zisizofikika. Kwa miezi tulidhani kwamba seva imezeeka.

Endesheni iscsiadm -m node peke yake mwone ni rekodi ngapi zilizoandikwa. Zisizohitajika zinafutwa hivi:

sudo iscsiadm -m node -T iqn.2021-06.ug.sc.mfano:hazina -p 192.168.11.20 --op delete

Na kila mtu akiendesha discovery tena siku za mbele, rekodi hizo zinarudi, kwa hiyo ni vizuri kwenye kisanduku chenyewe kuizuia tageti isitolewe kwa kadi isiyotumika.

Jambo la pili ni swichi. Umeme ukirudi, swichi nayo inawaka upya, na ikiwa imewashiwa itifaki ya kuzuia mizunguko, ile ya spanning tree katika umbo lake la zamani, kila poti husubiri sekunde 15 za kusikiliza na sekunde 15 za kujifunza kabla ya kupitisha data. Seva inaona waya umechomekwa, inajitangazia kwamba mtandao uko tayari, kumbe kwa nusu dakika hakuna kinachopita. Kwa poti za seva na za kisanduku tuliwasha mpangilio wa poti za pembeni, ambao huziruhusu kupitisha data mara moja, na hapo zile sekunde 120 zikaanza kutumika kwa kazi iliyokusudiwa.

Mchangiaji, Arua

Ninaomba radhi kwa swali la mtu anayejifunza. Je, kuna haja gani ya kutumia iSCSI na kuhangaika namna hii, wakati NFS, ile ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao, inapachikwa kwa mstari mmoja? Pia, kama shule ina seva mbili, je, zote mbili zinaweza kuingia kwenye tageti hiyohiyo ili zishirikiane mafaili?

Mwanzisha uzi, Jinja

Swali ni zuri na halihitaji radhi. Nianze na sehemu ya pili, kwa sababu ina hatari. Usifanye hivyo, ndugu yangu. Katika iSCSI kisanduku hakijui mafaili. Kinachokijua ni vipande vya diski tu. Mafaili yanatunzwa na seva, na seva inayotumia ext4 huamini kwamba ni yenyewe peke yake inayoiandika diski ile. Zikiingia seva mbili, kila moja itaandika kwa kufuata ramani iliyo kichwani mwake, na zitaharibiana data bila onyo lolote hadi siku mafaili yatakapokataa kufunguka. Kuna mifumo ya mafaili iliyotengenezwa kwa ajili ya seva nyingi, kama GFS2 na OCFS2, lakini hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo, kwenye kisanduku weka orodha ya wanaoruhusiwa, kwa jina la seva lililoko katika /etc/iscsi/initiatorname.iscsi. Na ikiwa seva yako ya pili uliitengeneza kwa kunakili diski ya ile ya kwanza, hakikisha zina majina tofauti, maana nakala hubeba na jina. Amri ya iscsi-iname hukupa jina jipya.

Kuhusu NFS, ikiwa unachotaka ni mafaili yanayoshirikiwa na mashine nyingi, basi NFS ndiyo inayokufaa, au SMB kama kuna mashine za Windows. Sisi tulichagua iSCSI kwa ajili ya hifadhidata, ambayo ina mwandishi mmoja tu. Hata hivyo, karibu yote yaliyosemwa hapa yanakuhusu wewe pia: _netdev, nofail, RequiresMountsFor na chattr hufanya kazi vilevile kwa NFS na SMB. Kwa SMB jina na nywila usiviandike ndani ya fstab, kwa sababu faili hilo husomwa na kila mtu; viweke kwenye faili la pembeni lenye ruhusa 600 na ulitaje kwa credentials=.

Mchangiaji, Gulu

Kwa kuwa nywila zimetajwa, Mwalimu, sijaona CHAP, yaani uthibitisho wa nywila wa iSCSI, katika maelezo yako. Je, tageti yenu haina nywila kabisa?

Mwanzisha uzi, Jinja

Wakati ninaanzisha uzi haikuwa nayo, na nakiri halikuwa jambo jema. Nilijiambia kwamba kisanduku kiko kwenye mtandao wa ndani tu, lakini mtandao huo huo ndio unaotumiwa na maabara ya kompyuta yenye wanafunzi werevu. Kumbukumbu za wanafunzi na wazazi ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayezikusanya azilinde. Nimefanya mambo mawili: nimetenga mtandao wa hifadhi kwa VLAN yake yenyewe, yaani mtandao uliogawanywa ndani ya swichi ileile, na nimewasha CHAP. Upande wa seva ni amri tatu, zote zikitanguliwa na sudo iscsiadm -m node -T ... -p ... --op update:

-n node.session.auth.authmethod -v CHAP
-n node.session.auth.username -v seva1
-n node.session.auth.password -v nywila-yako

Baada ya hapo ni lazima utoke na kuingia tena, kwa --logout kisha --login, wakati ambao hakuna anayetumia diski. Ukikosea nywila, iscsiadm hurudisha namba 24, na kwenye kumbukumbu utaona kwamba uthibitisho umekataliwa. Nywila hukaa wazi ndani ya rekodi, kwa hiyo angalia kwamba folda ya /etc/iscsi/nodes inasomwa na root peke yake. CHAP inathibitisha tu ni nani anayeingia, haifichi data inayopita kwenye waya. Ndiyo maana VLAN ina umuhimu wake.

Mchangiaji, Kampala

Ofisi yetu inatumia Windows Server. Diski inaonekana baada ya kuwaka, lakini folda tulizozishirikisha kutoka kwenye diski hiyo hupotea hadi mtu aende kuzishirikisha upya. Tafadhali, yupo anayejua sababu?

Mchangiaji, Mbarara

Hilo ninalijua, lilitukuta kwenye mashine moja ya matawi. Kwanza hakikisha huduma ya MSiSCSI imewekwa ianze yenyewe, kwa PowerShell:

Set-Service MSiSCSI -StartupType Automatic

Pili, wakati wa kuunganisha, kikao kiwe cha kudumu: Connect-IscsiTarget -NodeAddress jina-la-tageti -IsPersistent $true. Ukitumia dirisha la iscsicpl, tageti lazima ionekane kwenye orodha ya Favorite Targets.

Sababu ya folda kupotea ni mfuatano ule ule anaouzungumzia Mwalimu. Huduma ya kushirikisha folda, LanmanServer, inaanza kabla diski haijafika. Haiikuti folda, inaiacha. Dawa ni kuifanya imtegemee mwenzake. Kwanza soma ina utegemezi gani sasa kwa sc qc LanmanServer, kisha uuandike upya wote pamoja na MSiSCSI, kwa sababu amri ya sc config LanmanServer depend= hufuta uliokuwepo na kuweka ulioandika. Majina yanatenganishwa kwa mkwaju, na baada ya alama ya usawa lazima iwepo nafasi.

Mwanzisha uzi, Jinja

Ndugu zangu, shule imefunga, kwa hiyo nimepata nafasi ya kujaribu kila kitu kwa kukata umeme kwa makusudi, nikiwa nimechukua nakala ya data kwanza.

Jaribio la kwanza nilizima vyote kwa utaratibu, nikaviwasha kwa pamoja. Kisanduku kilikuwa tayari baada ya dakika tatu na nusu. Seva ilimaliza majaribio yake ya sekunde 120, ikaendelea kuwaka, na nikaweza kuingia kwa SSH. PostgreSQL na programu ya risiti vilikuwa vimesimama, vikisema wazi kwenye journalctl kwamba diski haijapachikwa. Kipima muda kilipopita baada ya kisanduku kuwa tayari, diski ilipachikwa na programu zote mbili zikaanza bila mkono wa mtu.

Jaribio la pili niliiacha seva ikiwa na umeme na kukizima kisanduku peke yake wakati hifadhidata haina kazi. Hapa kinachotawala ni kipimo kingine, node.session.timeo.replacement_timeout, ambacho kwa kawaida ni sekunde 120. Kikao kikikatika, seva hushikilia maandishi kwa muda huo ikisubiri. Ukiisha, inazirudishia programu kosa, na ext4 hujifunga isiandikwe tena. Kisanduku changu hakiwaki ndani ya sekunde 120, kwa hiyo nilikuta diski imejifunga, na ikanibidi kusimamisha programu, kuiondoa diski, kuikagua kwa fsck na kuipachika upya. Nimeiongeza hadi 600, kwa kuwa tuna njia moja tu ya kufika kwenye kisanduku, na nikarudia: safari hii programu zilikwama kwa dakika nne hivi, kikao kikarudi, zikaendelea. Aliye na njia mbili na anatumia multipath asiige namba hii, kwa sababu yeye anahitaji kosa lijulikane haraka ili njia ya pili ichukue kazi.

Jaribio la tatu nilichomoa waya wa mtandao wa kisanduku na kuiwasha seva bila kuurudisha hadi asubuhi iliyofuata. Mhasibu alikuja, akafungua programu ya risiti, ikamwambia haipatikani, akanipigia simu saa mbili na dakika tano. Niliurudisha waya, na saa mbili na dakika nane alikuwa anafanya kazi. Chini ya /srv/hazina ya diski ya ndani hapakuwa na faili hata moja.